Picha Zisizochukuliwa

Sinema ilipofungwa, kila mfanyakazi aliondoka na chake. Mwendesha mashine alichukua balbu, mfagiaji alichukua viti viwili vya mstari wa nyuma, na Meneja alichukua cheo. Miaka mingi imepita na hana tena cha kusimamia, maana nyumbani kwake msimamizi ni mkewe na cherehani yake, lakini mtaa mzima bado unamwita Meneja na yeye bado anaitika kama mtu aliyekatizwa shughuli ofisini.

Pamoja na cheo alichukua makasha. Humo mlikuwa na mabango ya filamu, vishina vya tiketi, vibao vya namba za viti, na picha za waigizaji zilizokuwa zikibandikwa mlangoni ili kuwatamanisha wapita njia. Makasha hayo yalikaa chini ya kitanda mpaka siku mkewe, ambaye watu humwita Fundi kwa ajili ya kazi yake ya ushonaji, alipomwambia achague: yatoke makasha au atoke yeye. Meneja akachagua sanaa. Alichukua mkasi, akaanza kuvikata vilivyomo na kuvibandika juu ya mbao za plaiwudi, kichwa cha huyu juu ya mwili wa yule, farasi anatokeza kwenye dirisha la benki, tiketi zimepangwa pembeni kama magamba ya samaki. Kisha akapaka vanishi juu yake. Makasha yakatoka chini ya kitanda yakahamia ukutani, na Fundi akaona kabisa kwamba amedhulumiwa, ila hakujua akalalamike wapi.

Sanaa hiyo ingejifia yenyewe kama si mama mmoja wa jumba la utamaduni aliyekuja siku moja kushonesha sketi. Aliziangalia zile picha, akainamisha kichwa upande, akasema, "Kazi hizi zina mazungumzo na wakati." Hakununua hata moja, na sketi yenyewe aliomba apunguziwe. Lakini kesho yake Meneja alinunua kofia ya kisanii, na tangu hapo hata akiulizwa kwa nini hajaenda kujaza mtungi wa gesi, hujibu kwamba alikuwa katika mazungumzo na wakati.

Jumatatu ya wiki ile Meneja alisimama juu ya kochi, misumari mdomoni na nyundo mkononi, akitundika picha yake kubwa kuliko zote katikati ya ukuta wa sebule. Binti yake alikuwa chini ameishikilia miguu ya kochi. Huyu ndiye mtoto wao pekee, mwalimu wa darasa la kwanza, na Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja.

"Baba, lazima iwe hapa?"

"Iwe wapi? Jikoni ipigwe na moshi?"

"Baba yake mchumba wangu hapendi mambo ya sinema."

"Hii si sinema, mwanangu. Hii ni sanaa."

"Baba, imeandikwa SINEMA hapo juu kwa herufi nyekundu."

"Hiyo ni sehemu ya mazungumzo," Meneja alisema, akapiga msumari.

Binti alikuwa na sababu ya kuogopa. Mchumba wake, mpimaji wa maabara hospitalini, alikuwa kijana mpole wa kupendeza, lakini upole huo aliupata kwa kulelewa na baba ambaye hajawahi kupingwa. Baba huyo ni muuzaji wa vifaa vya ujenzi, ambaye watu humwita Mzee Saruji akiwa ameshapita. Enzi za sinema ndiye aliyewaongoza watu wazima wenye heshima zao kudai sinema ifungwe kwa kuwa inaharibu vijana. Jengo likafungwa kwa ajili ya maadili, na kufuli halijapata hata kutu likafunguliwa kwa ajili ya saruji. Sasa ni ghala lake. Tena ni mwenyekiti wa kamati ya maadili ya mtaa, na kila kikao hukifungua kwa kuwakumbusha watu kwamba mlango ule hakuwahi kuukanyaga mpaka siku alipoingiza mifuko ya kwanza.

Mzee huyo alikuwa ameahirisha kuja mara mbili. Safari hii alikubali, lakini alitanguliza ujumbe kwa mdomo wa mwanawe: akimchukua binti wa watu wa sinema, binti huyo aache ualimu, aje kukaa kaunta ghalani mahali ambapo atamwona. La sivyo hakuna baraka. Na kijana alikuwa amekiri, macho yakiwa kwenye viatu vyake, kwamba bila baraka za baba hawezi.

"Na wewe utaacha kazi?" Fundi alimuuliza binti siku ujumbe ulipofika.

"Mama, nampenda. Lakini nikiwafikiria wale watoto wangu, halafu nifikirie kuhesabu misumari..." Alikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa imekalia kuti kavu, isipokuwa Meneja, ambaye alikuwa amesimama juu ya kochi.

Fundi alitoka chumbani kwake na pini mdomoni, akaja kutazama kilichokuwa kikigongwa. Akaiona picha. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifua cha gauni lake, asije akazimeza.

Inabidi ijulikane kwamba pale kwenye ukumbi wa sinema, zamani, alikuwa akisimama mpiga picha. Mkitoka kutazama filamu mnapigwa picha, mnalipa nusu, na wiki inayofuata mnarudi kumalizia nusu ya pili na kuchukua picha yenu. Wenye haki zao walirudi. Waliokuja na waume za watu, au wake za watu, au na mtu ambaye wiki iliyofuata hakuwa tena mtu wao, waliona nusu ile ni hasara inayovumilika. Picha zisizochukuliwa zikajaa kasha zima, na mpiga picha alipohama mji alimwachia Meneja.

Katikati ya plaiwudi, mahali ambapo magamba yote ya tiketi yalikuwa yanaelekea, Meneja alikuwa amebandika picha mojawapo ya hizo. Kijana wa kiume amevaa suruali ya bugaluu iliyopanuka chini, miwani ya jua ameipandisha kwenye nywele, mwanya mbele na masikio yaliyochanua pande zote mbili kama milango ya kabati iliyosahauliwa wazi. Mkono wake umemzunguka kiunoni msichana wa gauni la madoadoa. Msichana anacheka mdomo wazi, amefumba macho. Kola ya gauni lake imepinda, kwa sababu lilikuwa gauni la kwanza kulishona maishani mwake.

"Hawa umewatoa wapi?" Fundi aliuliza taratibu.

"Kasha la picha zisizochukuliwa."

"Ni akina nani?"

"Wateja," Meneja alisema bila kugeuka. Alitoa leso mfukoni akafuta vumbi la msumari lililoangukia katikati ya picha, akafuta tena mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Fundi alirudi kwenye cherehani yake, akakaa, na hakushona. Yule kijana wa bugaluu alimfahamu, na yeyote aliyewahi kununua mfuko wa saruji mtaani angemfahamu. Yalikuwa mambo ya kabla hajaolewa, ya msimu mmoja, filamu tatu na soda mbili, na hata ile nusu ya picha alilipa yeye kwa kuwa kijana alidai hana chenji. Wiki iliyofuata kijana alimwambia wazazi wake wamempatia mchumba wa maana. Basi. Yeye hakumsimulia mumewe kwa sababu hakuulizwa, na baadaye kwa sababu mlalamikaji wa maadili alikuwa ameshakuwa mtu mkubwa na jambo lenyewe limekuwa dogo.

Lakini hilo silo lililomchoma. Lililomchoma ni lile neno wateja. Mume amekula chakula cha mkono wake miaka yote hiyo, ameuguzwa naye, amepigiwa pasi kofia ya kisanii, na akiwekewa sura ya mkewe mbele ya macho, tena yeye mwenyewe akiwa ameikata kwa mkasi na kuipaka gundi, anaona mteja. Fundi aliumia hasa. Alikanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

Jumanne jirani yao, nesi mstaafu, alikuja kubadilishiwa zipu. Habari ya lile kasha aliijua, kwa hiyo kabla ya kusalimia vizuri aliikagua picha yote kona hadi kona, polepole, akashusha pumzi alipojikosa. Ndipo akaanza kuifurahia.

"Fundi, hebu njoo. Haya si masikio ya Mzee Saruji?"

"Punguza sauti."

"Ndiyo yenyewe. Na mwanya huo. Yule ambaye hajakanyaga mlango, kumbe alikanyaga na bugaluu." Nesi alicheka mpaka akaegemea mlango. "Nyani haoni kundule, kweli. Na huyu msichana..." Alimtazama Fundi, akaitazama picha, akamtazama Fundi tena. Kicheko kikaondoka. "Ahaa."

"Nyamaza, dada yangu."

"Nimenyamaza. Meneja anajua?"

"Anasema ni wateja."

Nesi aliuma midomo. Alikuwa amewahudumia watu wengi waliokuwa karibu na kufa, na bado hajaona jambo la kusikitisha likichekesha namna hii. "Sikiliza," alisema mwishowe. "Jumamosi mtamkalisha wapi? Akijiona hapo atadhani mmemtegea. Mtu wa namna ile akiona aibu hasemi nimeaibika, anasema nimetukanwa. Atanyanyuka, atamnyanyua na mwanawe, na mwanao atabaki na chaki zake."

"Najua. Ndiyo maana silali."

Jumatano Fundi alimwomba mumewe aiondoe picha, wiki moja tu. Meneja akasema kazi ile inahitaji mwanga ule. Fundi akashauri basi wampachue yule kijana wa katikati, hapendezi. Meneja akaeleza, kwa subira ya mtu anayezungumza na umma, kwamba gundi ya mbao ikishakauka na vanishi ikishapita mara tatu, hata Mungu angepata taabu.

Alhamisi, Meneja alipokwenda kunyoa, Fundi alifungua kasha lililobaki, akakata kichwa cha farasi kwenye bango moja, akakibandika juu ya uso wa Mzee Saruji. Hakikukaa vibaya. Farasi aliyevaa bugaluu alikuwa na heshima zaidi kuliko aliyekuwepo mwanzo. Lakini Meneja aliporudi hakuvua hata viatu. Alikwenda kusimama mbele ya picha.

"Nani ameingilia kazi yangu?"

"Labda ni mazungumzo na wakati," binti alisema.

"Mimi sifanyi mzaha. Sura ya farasi, tena imeegemea begani kwa huyu mama. Gundi imevuja mpaka kwenye gauni." Alikwenda kuleta maji ya vuguvugu na pamba, akapiga magoti juu ya kochi, akakaa hapo mpaka chai ikapoa, akimlowesha farasi kidogo kidogo na kumbandua kama anayebandua plasta kwenye kidonda cha mtoto. Fundi alimwangalia, akajisemea kwamba mwanamume huyu hajawahi kumshika yeye kwa uangalifu wa namna ile.

Basi likabaki suala la viti. Fundi alilisogeza kochi mpaka likagusa ukuta, chini kabisa ya picha, na viti vingine akavipanga vielekee huko. Mgeni mkuu angekaa kwenye kochi, mgongo kwa picha, uso kwa watu. Masikio yake ya leo yangekuwa chini ya masikio yake ya zamani, na mwenye kichwa hawezi kuona kilicho nyuma yake. Mpango ulikuwa mzuri, ila ulisahau Mzee Saruji ni mtu wa kazi gani.

Wakwe walifika Jumamosi alasiri, baba, mama na kijana wao. Mzee Saruji alikuwa na koti na joto lake. Alitandaza leso juu ya kochi kabla ya kukaa. Alimsalimia Fundi, akamsalimia binti, na alipofika kwa Meneja akasema, "Na wewe, bwana." Meneja alikuwa amevaa kofia ya kisanii. Aliivua, akaikalia bila kukusudia.

Chai ilipoletwa Mzee Saruji alikisogeza kikombe pembeni. "Sisi si watu wa maneno mengi," alisema, akaanza maneno mengi. Alisema amechunguza. Binti hana tatizo, tatizo ni alikotoka. Yeye hamlaumu mtu kwa riziki yake, hata mwizi ana watoto. Lakini siku ya harusi neno sinema lisisikike mdomoni mwa mtu, na bwana huyu, akimwonyesha Meneja kwa kidevu, akae safu ya tatu, kwa kuwa ya mbele itakuwa na watu wa kamati.

"Safu ya tatu ni nzuri," Meneja alisema kwa sauti ndogo. "Kitaalamu ndiyo inayoona vizuri." Hakuna aliyecheka. Fundi, pamoja na hasira zake zote za wiki, alitamani kumrushia mgeni kikombe.

"Na binti," Mzee Saruji aliendelea, "kazi ya kufundisha watoto wa watu atai..." Akanyamaza. Macho yake yalikuwa yamepanda juu ya mlango, yakafuata dari, yakageuka nyuma. "Ukuta huu nani aliupiga lipu?"

"Ni fundi mmoja tu, zamani," Meneja alisema.

"Una ufa."

"Ni wa siku nyingi."

"Ufa hauna siku nyingi, bwana, ufa una chanzo." Alikuwa ameshainuka. Akapiga goti moja juu ya kochi, akaweka kidole kwenye ufa, akashuka nao kama anavyofanya kwenye nyumba za wateja kabla ya kuwatajia idadi ya mifuko. Kidole kilifika kwenye fremu. Mkono ukainua fremu ili uone ufa unakwenda wapi, na uso ukasogea, na sebule nzima ikamwona Mzee Saruji akisimamisha pumzi ana kwa ana na Mzee Saruji.

Fundi alishika mkono wa binti yake chini ya meza.

"Umeona nini?" mke wa Mzee Saruji alimuuliza. Alikuwa mama mnene mtulivu aliyevaa gauni alilolishona Fundi mwenyewe mwaka uliopita.

"Ufa tu." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwingine. Alibaki amepiga goti, koti limetanuka kuziba picha. Kisha akageuka nusu, akamtazama Meneja kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Hii umetengeneza wewe?"

"Kwa mikono yangu."

"Kwa nini?"

Meneja alikuwa akisubiri kuulizwa swali hilo tangu aliponunua kofia. Alisimama. "Mzazi mwenzangu, hii kazi ina mazungumzo na wakati. Tazama hizi tiketi..."

"Naona, naona. Ni kitu kizuri. Nainunua."

"Samahani?"

"Nipe bei. Nitakwenda nayo sasa hivi. Kwa thamani ya mifuko kumi ya saruji."

Binti alifungua mdomo, mama yake akamfinya mkono. Meneja alijikuna shingoni. "Haiuzwi," alisema.

"Ishirini."

"Mzee wangu, labda nikuonyeshe nyingine. Zipo chumbani, nzuri, zina magari."

"Nataka hii. Thelathini."

"Basi mifuko hamsini," Meneja alisema, akakunja mikono kifuani.

"Sitini," alijibu Mzee Saruji, ambaye katika maisha yake ya biashara hakuwahi kumzidishia mtu bei aliyotaja mwenyewe. Jasho lilimtiririka nyuma ya sikio.

"Baba," kijana wake alisema kwa mshangao, "wewe si ulisema picha ukutani ni upuuzi?"

"Nyamaza, wewe hujui sanaa."

Mkewe aliweka kikombe chini. "Na mimi nione hiyo sanaa ya mifuko sitini."

"Kaa tu, macho yako hayaoni karibu."

"Miwani ninayo." Alijiinua, akaitoa kwenye mkoba, akaifuta, akaivaa, akamsogeza mumewe kwa bega kama anayefungua pazia. Akaitazama picha kwa muda mrefu. Hapakuwa na sauti ila ya Meneja, ambaye alikuwa anaeleza namna tiketi zinavyomwongoza mtazamaji.

"Suruali hii kama naijua," alisema. "Kama niliifua mimi mpaka ikachakaa."

"Naam, mama," Meneja alidakia kwa furaha. "Bugaluu ndiyo iliyokuwa sare ya zama zile. Kila mtu alikuwa nayo."

"Kila mtu," Mzee Saruji alisema.

"Hata ambao hawakukanyaga sinema?" mkewe aliuliza, na aliuliza kwa upole kabisa. Mumewe akakaa juu ya leso yake. Mama yule alikuwa bado anatazama. "Na huyu msichana ana gauni zuri. Ila kola imepinda." Akageuza kichwa, miwani ikamwangalia Fundi.

Fundi aliona hana pa kujificha, na kwa namna ya ajabu hakutaka. "Alikuwa anajifunza," alisema.

"Akajifunza?"

"Alijifunza."

Mama akaishika kola ya gauni alilovaa, iliyonyooka kama mstari wa rula, akatikisa kichwa polepole. Alirudi kwenye kiti chake na kuomba aongezewe chai. "Tuendelee basi. Mume wangu alikuwa anasema habari ya kazi ya binti."

"Nilikuwa nasema," Mzee Saruji alisema, akatazama sakafu, "kwamba aendelee nayo. Watoto wanahitaji mwalimu."

"Na safu ya tatu?"

"Ya mbele. Baba wa bibi harusi akae wapi tena."

"Na neno sinema?"

"Mama, tusifike mbali." Akamgeukia Meneja, karibu kwa kuomba. "Picha nipeni niende nayo. Sitini."

Meneja alivuta pumzi ya kujibu, na hapo Fundi akaona wakati wake umefika. Wiki nzima alikuwa ameibeba hasira yake kama mtu aliyebeba maji moto akitafuta pa kuyamwaga. "Picha haiuzwi, mzazi mwenzangu," alisema mbele ya wote. "Mimi na mume wangu tumeshaamua ni zawadi ya harusi ya watoto. Wataitundika sebuleni kwao. Na wewe ukienda kuwatembelea wajukuu, utakaa uitazame."

Meneja alimgeukia mkewe. Kisha akaigeukia picha. Mama wa kijana alipiga makofi mawili matatu, akasema hiyo ndiyo zawadi, na akamwagiza mwanawe ashukuru. Mzee Saruji alishukuru pia. Alikunywa chai yake yote kwa mkupuo, ilhali alikuwa ameikataa.

Binti aliwasindikiza wageni mpaka barabarani, amemshika mkono mchumba wake bila kumficha mtu. Fundi aliwapungia kutoka mlangoni, akarudi ndani akiimba. Alikuwa ameshinda. Binti ana mume na ana kazi, mnafiki ametoka amelowa, na msanii asiyeijua sura ya mkewe amepokonywa kazi yake mbele ya watu. Alikuwa na kila sababu ya kuimba.

Meneja alikuwa amekaa kwenye kochi, kofia iliyokunjika mapajani, akiinyoosha.

"Umeitoa bila kuniuliza," alisema.

"Wewe si ulikuwa unaiuza?"

"Nani alikuwa anauza? Nilimtajia bei ya wendawazimu ili aache, akaongeza. Sijui ana nini mtu yule. Hajui hata rangi, anapenda sanaa kiasi kile."

"Hukutaka kuiuza kwa nini? Chumbani zimejaa. Zingeondoka zote mimi ningefurahi."

"Zile uza," Meneja alisema. "Kwenye zile wewe humo."

Fundi aliacha kuimba. Alikuwa ameshika vikombe vitatu, akavirudisha mezani kimoja kimoja. "Ulijua?"

"Nijue nini? Gauni hilo si ulikuja nalo? Ulilifungia sandukuni mpaka ukaja kulikata ukamshonea binti blanketi la kitoto. Na anayecheka amefumba macho namna hiyo mimi nimemwona mmoja tu."

"Nilikuuliza ni akina nani, ukaniambia wateja."

"Si ulikuwa mteja?" Alipandisha mabega. "Miaka yote hukunisimulia. Nikasema labda ukijiona ukutani utasema. Nikangoja. Ukaondoka na pini zako."

"Na huyo niliye naye?"

Meneja aligeuka, akaitazama picha kwa macho yaliyokunjwa, akaikaribia, akashindwa. "Huyo nilitaka kumkata. Lakini mkono wake umekuzunguka, nikimkata nakukata na wewe kiuno. Nikamwacha. Nani huyo, mtu wa maana?"

"Hapana," Fundi alisema. "Si mtu wa maana."

Alitaka kucheka, na alicheka kidogo, kisha akaona kicheko kinageuka. Picha zake za ujana hazikuwepo nyumba ile, mvua ya mwaka fulani ilizimaliza zote, na hii moja iliyobaki ameitoa mwenyewe, mbele ya wakwe, kwa kumkomoa mtu ambaye hakuwa na kosa. Na neno lililotoka mbele ya wakwe halirudi. Akaketi pale pale kwenye leso aliyoisahau Mzee Saruji.

"Nilidhani umechoka kujiona hapo," Meneja alisema. "Ndiyo maana nilinyamaza ulipoitoa."

Meneja aliiweka kofia kando, akapanda juu ya kochi, akaanza kuitoa fremu msumarini. Picha ilikuwa nzito na mikono yake ilikuwa ya mzee. Fundi alisimama kumsaidia, akaishika upande wa kulia, wakaanza kuishusha pamoja.

"Taratibu upande wako," alisema Meneja. "Ndiko uliko."